Honi Iliyonyamaza: Kuitafuta Hitilafu Kuanzia Kitufe hadi Kiwambo

Honi ya gari ni sumaku ya umeme inayotetemesha bamba jembamba la chuma. Ndani ya kopo lake la duara, ambalo kwa magari mengi madogo linaenea kiganjani, mna koili ya waya wa shaba, kipande cha chuma kilichoshikamana na bamba hilo, na pointi mbili zinazogusana. Umeme ukiingia, koili hugeuka sumaku na kukivuta kile kipande cha chuma, na bamba, yaani kiwambo, hujipinda kuelekea ndani. Kipande hicho kinapovutwa huzitenganisha pointi. Pointi zikitengana umeme hukatika, nguvu ya sumaku hupotea, kiwambo hurudi mahali pake na pointi hugusana tena. Mzunguko huo hujirudia mamia ya mara kwa sekunde moja. Honi ya sauti nene hutetema kiasi cha mara 400 kwa sekunde, na ya sauti nyembamba kiasi cha mara 500. Magari mengi hufungwa zote mbili, nyuma ya shoo ya mbele au nyuma ya bampa, ili sauti zao zichanganyike na kusikika mbali.

Kabla ya muundo huu kuenea palikuwa na honi ya Klaxon, iliyobuniwa na Mmarekani Miller Reese Hutchison mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani yake mota ndogo ilizungusha gurudumu la meno, na meno hayo yakakwaruza kitufe cha chuma katikati ya kiwambo. Mota imeondoka, kiwambo kimebaki.

Kifaa hiki kidogo kimebeba wajibu mzito. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unaruhusu honi ipigwe ili kuepusha ajali, na nje ya maeneo ya makazi imtahadharishe dereva anayekaribia kupitwa. Kwenye kona za mlima Kitonga mkoani Iringa, ambako lori linalopanda na basi linaloshuka hayaonani mpaka yamekaribiana, au kwenye mtaa ambao watoto huchezea ukingoni mwa lami, honi ndiyo sauti pekee aliyo nayo dereva. Gari lisilo na honi lina upungufu wa usalama sawa na gari lisilo na taa za breki, na halistahili kusubiri hadi mshahara ujao.

Hata hivyo, haraka hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Honi ikinyamaza, mwenye gari huenda moja kwa moja kwenye duka la vipuri, akanunua honi mpya, ikafungwa, na ukimya ukabaki palepale. Honi iko mwisho wa njia ndefu ya umeme, na hitilafu inaweza kukaa popote kwenye njia hiyo. Anayeifuata njia kwa utaratibu huipata, tena kwa vifaa vichache: taa ya kupimia, ambayo ni balbu ndogo ya volti 12 yenye waya na kibanio upande mmoja na ncha kali upande wa pili; kipande cha waya chenye fyuzi yake; msasa laini; na mtu wa pili wa kubonyeza kitufe.

Katika magari mengi njia hiyo imegawanyika mara mbili. Njia ya kwanza ni ya umeme mkubwa: kutoka betri, kupitia fyuzi, kupitia rilei, kwa waya hadi kwenye honi, kisha kupitia athi, yaani bodi ya gari, hadi upande hasi wa betri. Njia ya pili ni ya umeme mdogo wa kuamrisha: kutoka fyuzi ileile hadi kwenye koili iliyo ndani ya rilei, kisha kwa waya mwembamba unaopanda usukani hadi kwenye kitufe. Kitufe hakipeleki moto kwenye honi, kama wengi wanavyodhani. Kinapobonyezwa huunganisha ule waya mwembamba na athi. Hapo koili ya rilei hupata umeme, hubana pointi zake, na umeme mkubwa hupita kwenda kwenye honi. Rilei ipo kwa sababu honi mbili kwa pamoja hula ampea kadhaa, mzigo ambao ungeziunguza haraka pointi nyepesi za kitufe.

Kwa kuwa njia ni mbili, swali la kwanza ni hitilafu iko upande gani, na jibu lake hupatikana kwa sikio. Boneti hufunguliwa, mazingira yakawa kimya, mtu mmoja akabonyeza kitufe huku mwingine amesimama karibu na boksi la fyuzi. Rilei nzima hutoa mlio mfupi, “tik”, kila kitufe kinapobonyezwa na kila kinapoachiwa. Mlio huo ukisikika, basi kitufe, nyaya za usukani na koili ya rilei viko salama, na fyuzi pia katika magari mengi. Hitilafu iko kati ya pointi za rilei na honi, au kwenye athi ya honi. Mlio usiposikika, uchunguzi huelekea kwenye fyuzi, rilei yenyewe na usukani. Kupima kwa sikio hakugharimu chochote, na mara moja hupunguza eneo la kutafuta kwa nusu.

Upo ushahidi mwingine wa bure. Magari mengi yenye ving’ora vya kiwandani hutumia honi ileile kupiga kelele yanapoguswa. Ikiwa king’ora kinaipiga honi lakini kitufe hakiipigi, honi, athi yake na waya wake vimeondolewa kwenye tuhuma, na usukani ndio unaobaki. Kwa king’ora kilichofungwa baadaye na fundi wa mtaani kipimo hiki mara nyingi hakifai, kwa kuwa vingi vya aina hiyo vina kipaza sauti chake chenyewe. Kwenye baadhi ya Toyota za zamani, zikiwemo Corolla za miaka ya 1990, honi na taa za hazadi hutumia fyuzi moja, iliyoandikwa HAZ-HORN kwenye mfuniko wa boksi. Honi na hazadi zikifa pamoja kwenye gari la namna hiyo, hakuna haja ya kufungua usukani kabla ya kuitazama fyuzi hiyo.

Fyuzi hukaa kwenye boksi ndani ya boneti au chini ya dashibodi, na mfuniko wa boksi huwa na mchoro wa kila moja. Ya honi kwa kawaida ni ya ampea 10, rangi nyekundu, au ampea 15, rangi ya buluu. Kuitoa na kuitazama dhidi ya mwanga kunatosha mara nyingi: utepe wa ndani ukiwa umekatika, fyuzi imeungua. Lakini utepe unaweza kupasuka mahali pasipoonekana, ndiyo maana fundi mwangalifu huipima ikiwa mahali pake. Kibanio cha taa ya kupimia hufungwa kwenye chuma kisafi cha bodi, kisha ncha huguswa kwenye vidoa viwili vya chuma vilivyo juu ya fyuzi. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja tu, imeungua. Isipowaka popote, fyuzi haifikiwi na umeme, na tatizo liko nyuma yake kuelekea betri.

Fyuzi iliyoungua hubadilishwa kwa nyingine ya ampea zilezile. Ikiungua tena mara tu kitufe kinapobonyezwa, mahali fulani waya umepiga shoti au honi yenyewe imeshikana ndani. Plagi za honi huchomolewa zote, fyuzi mpya ikawekwa, kitufe kikabonyezwa. Fyuzi ikidumu, honi mojawapo ndiyo mkosaji, na hurudishwa moja moja mpaka ijulikane. Ikiungua hata honi zikiwa zimechomolewa, waya umechubuka mahali unapopita kwenye ukingo wa chuma, hasa kwenye gari lililowahi kugongwa mbele na kunyooshwa. Kuweka fyuzi ya ampea 30 ili “isisumbue”, au kuifunga fyuzi kwa karatasi ya kung’aa ya pakiti ya sigara, ni hatari ya kweli: fyuzi isipokata, waya ndio unaopata moto, na plastiki yake huungua ndani ya boneti yenye mafuta.

Fyuzi ikiwa nzima, rilei hufuata. Njia nyepesi ni kuibadilisha kwa muda na nyingine inayofanana nayo kabisa kutoka boksi lilelile, yenye alama na mpangilio uleule wa miguu. Honi ikilia, rilei mpya inunuliwe. Katika baadhi ya magari rilei ya honi imejengewa ndani ya boksi na haichomoki. Hapo vipimo vya honi na vya usukani hufanywa kwanza kabla ya kulilaumu boksi, kwa maana bei yake si ya mchezo.

Rilei inayochomoka huacha matundu manne, na kwa mwenye taa ya kupimia matundu hayo yanaeleza karibu kila kitu. Kwenye rilei nyingi miguu hupewa namba 30, 85, 86 na 87. Kwenye nyingi za Toyota ni 1, 2, 3 na 5. Rilei ikiwa imetolewa, matundu mawili kwa kawaida huwa na moto: moja la umeme mkubwa, jingine la koili. La tatu huenda kwenye honi, la nne kwenye kitufe. Waya wenye fyuzi ukiunganisha kwa nukta moja tundu la umeme mkubwa na tundu la honi, honi nzima hulia papo hapo. Ikilia, upande wote wa mbele uko salama. Kisha kibanio cha taa hufungwa kwenye kichwa chanya cha betri na ncha ikaguswa kwenye tundu la kitufe. Mtu wa pili akibonyeza, taa iwake, na akiachia izime. Isipowaka, hitilafu iko kwenye usukani. Ikiwaka muda wote bila kitufe kuguswa, waya wa kitufe umegusa bodi mahali fulani, na ndiyo sababu ya honi inayolia yenyewe usiku wa manane.

Rilei inapolia “tik” na honi ikabaki kimya, kazi inahamia mbele ya gari. Honi hupatikana kwa kufuata waya wake nyuma ya shoo. Kwenye magari mengine lazima bampa ilegezwe. Plagi huchomolewa, kibanio cha taa kikafungwa kwenye athi safi, ncha ikaguswa kwenye waya wa moto wakati kitufe kinabonyezwa. Taa isipowaka, pointi za rilei hazipitishi umeme, au waya umekatika kati ya boksi na honi: panya wameutafuna, au kutu imeula kwenye plagi. Taa ikiwaka vizuri, umeme unafika, na hukumu inabaki kati ya honi na athi.

Hapa inafaa kueleza kwa nini balbu inashauriwa kuliko mita ya kidijitali peke yake. Waya uliooza kwa ndani, wenye nyuzi mbili tatu tu za shaba zilizobaki, unaweza kuonyesha volti 12 kamili kwenye mita, kwa sababu mita haitumii karibu umeme wowote. Honi ikitaka ampea zake, nyuzi hizo hazitoshi na volti hudondoka ghafla. Balbu ya kupimia hula umeme kiasi, kwa hiyo mwanga wake uliofifia hufichua udhaifu ambao mita ingeuficha. Mwenye mita aipime honi ikiwa imeunganishwa na kitufe kimebonyezwa; hapo tarakimu husema ukweli.

Athi ndiyo inayosahaulika zaidi, na kwa magari ya pwani inastahili kuwa ya kwanza kutuhumiwa. Honi nyingi zina waya mmoja tu, wa moto. Njia ya kurudi ni boliti na mkono wa chuma unaoishikilia honi kwenye bodi. Boliti hiyo ikishika kutu, honi haina pa kurudishia umeme, na itanyamaza hata ikiwa mpya. Hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Zanzibar hufanya kazi hiyo haraka. Tope la barabara za vumbi wakati wa masika nalo huifanya, polepole zaidi. Jaribio lake ni jepesi: waya huunganishwa kutoka mwili wa honi moja kwa moja hadi kichwa hasi cha betri, kitufe kikabonyezwa. Honi ikilia, boliti hufunguliwa, chuma kikapigwa msasa pande zote mbili mpaka king’ae, kikafungwa tena na kupakwa grisi juu ili maji yasiingie. Honi zenye nyaya mbili huwa na athi yao mahali pengine kwenye bodi, na nayo hupimwa kwa namna hiyohiyo.

Kama bado kuna shaka, honi huletwa mezani, yaani hupewa umeme wa betri moja kwa moja kwa nyaya mbili, ule wa chanya ukiwa na fyuzi. Isipolia hapo, imekufa. Hata hivyo si kila honi iliyokufa ni ya kutupwa. Pointi za ndani huganda kwa unyevu kwenye gari lililokaa muda mrefu bila kutumika, na kugongagonga kopo kwa mpini wa bisibisi huku umeme ukipita kunaweza kuziamsha. Nyingi zina skrubu ndogo nyuma, iliyofunikwa kwa nta au rangi, inayorekebisha mwanya wa pointi. Huzungushwa robo ya duara kwa wakati mmoja, ikajaribiwa, mpaka sauti ijae. Ikikazwa kupita kiasi pointi hazifunguki, sauti hupotea na koili hupata moto. Skrubu ya katikati inayoshikilia kiwambo haiguswi.

Honi zenye umbo la konokono zina adui mwingine. Mdomo wao ukielekezwa juu hukusanya maji, na nyigu wajengao kwa udongo huufanya kiota. Mdomo unatakiwa kuelekea chini au mbele na chini, ili maji yatoke yenyewe. Uoshaji wa injini kwa mashine ya maji ya kasi umeua honi nyingi kwenye sehemu za kuoshea magari. Anayeosha huelekeza maji kwenye shoo kuondoa wadudu na kumbe anayasukuma ndani ya honi. Sauti iliyokwama kooni siku moja baada ya kuoshwa gari mara nyingi hurudi honi ikikauka. Ikiwa sauti imekuwa nyembamba ghafla na gari halikuoshwa, huenda moja kati ya zile mbili imekufa; kuchomoa moja na kusikiliza nyingine huonyesha ipi. Na honi inayolia kwa mkwaruzo inaweza kuwa nzima kabisa, ila kopo lake linagusa bodi au bampa. Mkono wake huachwa uyumbe kidogo kwa makusudi, na kopo halipaswi kugusa kitu chochote.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote ni usukani. Usukani huzunguka, waya hauwezi kuzunguka nao bila kusokotwa mpaka ukatike. Magari ya zamani yalitatua hilo kwa kisu cha shaba kilichogusa pete ya shaba, na kisu hicho huisha au pete huchafuka. Kusafisha na kukunja kisu kidogo kunatosha. Volkswagen Beetle ilikuwa na ugumu wake: athi ya kitufe ilipitia mhimili wa usukani, na mhimili huo umeunganishwa kwa kipande cha mpira kisichopitisha umeme, hivyo kiunganishi kidogo cha chuma kinachovuka mpira kikikatika au kulegea, honi hunyamaza. Baadhi ya magari ya Kifaransa hayana kitufe cha honi katikati ya usukani kabisa. Honi hupigwa kwa kusukuma ncha ya mkono wa indiketa, na swichi hiyo ndiyo inayochakaa.

Magari yenye mfuko wa hewa wa usukani, na ndiyo mengi yanayotoka Japani yakiwa yametumika, yana utepe mwembamba wenye nyaya kadhaa uliozungushwa ndani ya kisanduku bapa nyuma ya usukani. Mafundi wengi hukiita kloki springi. Usukani ukikata kushoto utepe hujikunja, ukikata kulia hujikunjua. Miaka ikipita utepe hupasuka, na dalili zake zinajulikana: honi hulia usukani ukiwa umenyooka lakini si ukiwa umekatwa, au kinyume chake, taa ya mfuko wa hewa huwaka kwenye dashibodi, vitufe vya redio kwenye usukani hufa pamoja na honi. Dalili mbili kati ya hizo zikikutana, kipuri cha kununua kinajulikana kabla ya kufungua chochote.

Kufungua ndiko kwenye hatari. Chini ya kile kifuniko kinachobonyezwa kupiga honi mna mfuko wa hewa wenye baruti, na baruti hiyo haitofautishi ajali na bisibisi ya fundi. Swichi huzimwa, waya hasi wa betri ukaondolewa, kisha fundi akasubiri. Maelekezo ya Toyota ni sekunde 90 au zaidi, ili umeme uliohifadhiwa kwenye mfumo upungue. Plagi za rangi ya manjano ni za mfuko wa hewa na hazipimwi kwa taa wala kwa mita, kwa kuwa umeme mdogo wa kipimo unaweza kuulipua. Mfuko uliotolewa hulazwa mezani uso wenye kifuniko ukitazama juu, mbali na kichwa cha mtu.

Tahadhari hii ina uzito wa pekee kwa magari ya miaka ya 2000 na ya mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani ilitumia kemikali ya amonia naitreti ambayo joto na unyevunyevu wa miaka mingi huiharibu. Ikilipuka hupasua chombo chake na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yaliitwa kurekebishwa duniani kote, na Takata ikaingia kwenye ufilisi mwaka 2017. Hali ya hewa ya pwani ya Afrika Mashariki ndiyo hasa ile ya joto na unyevunyevu, na gari lililotumika linaweza kuingia nchini bila kufanyiwa rekebisho hilo. Namba ya chasisi huweza kuhakikiwa kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, na kabla ya usukani kufunguliwa kwa ajili ya honi ndio wakati mzuri wa kufanya hivyo. Asiye na uzoefu wa mifuko ya hewa aiachie kazi hii fundi aliyeizoea. Fyuzi, rilei na athi zinaweza kuchunguzwa na mtu yeyote makini. Usukani wenye mfuko wa hewa hapana.

Fundi anayefunga kloki springi mpya huhakikisha matairi ya mbele yamenyooka na kipuri kimewekwa katikati ya mzunguko wake. Kwa Toyota nyingi huzungushwa kinyume cha saa mpaka kikaze, kisha kikarudishwa kiasi cha mizunguko miwili na nusu hadi alama zikutane. Kikifungwa bila kuwekwa katikati, utepe mpya hukatika mara ya kwanza gari linapokata kona kali.

Ipo pia hali iliyo kinyume na ukimya: honi isiyonyamaza. Sababu zake ni pointi za rilei zilizoungana kwa moto, kifuniko cha usukani kilichokwama kimebonyea, au waya wa kitufe uliogusa bodi. Kinachotakiwa kwanza ni kutoa rilei au fyuzi ya honi, au kuchomoa plagi za honi, kabla koili haijaungua. Pointi huungana mara nyingi kwenye magari yaliyoongezewa honi kubwa za dukani, zikaunganishwa kwenye waya uleule wa kiwandani. Honi ya ziada inahitaji rilei yake, fyuzi yake na waya mnene kutoka betri, na waya wa zamani wa honi ubaki kuiamrisha rilei tu. Honi za upepo na za muziki zilizopendwa kwenye mabasi zinaleta pia tatizo la kisheria, maana nchi nyingi haziruhusu sauti za namna hiyo kwa magari ya kawaida.

Magari mapya zaidi yamebadilisha kitu kimoja. Kitufe hakiamrishi rilei moja kwa moja bali hutuma ishara kwenye kompyuta ya bodi, nayo ndiyo inayoiamrisha rilei. Vipimo vya fyuzi, honi na athi hubaki vilevile, lakini upande wa kitufe husomwa kwa mashine ya uchunguzi: ikiwa skrini inaonyesha kitufe kikibadilika kinapobonyezwa, usukani ni mzima. Mashine hiyohiyo mara nyingi huweza kuiamuru honi ilie, na kwa amri hiyo upande wa mbele wote hupimwa bila kufungua boneti.

Baada ya matengenezo honi hujaribiwa usukani ukiwa umenyooka, kisha ukizungushwa taratibu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia huku kitufe kikibonyezwa kila hatua. Hujaribiwa injini ikiwa imezimwa na ikiwa inanguruma. Sauti inayofifia injini ikizimwa inaonyesha betri dhaifu au vichwa vyake vilivyolegea. Kwa gari lililofunguliwa usukani, swichi huwashwa na taa ya mfuko wa hewa ikatazamwa: huwaka kwa sekunde chache kisha huzima. Ikiendelea kuwaka, gari linarudi kwa fundi hata kama honi inalia vizuri.